Kufuli la karavani: pima kwanza, nunua baadaye

Swali huanza kuja mwezi wa tatu, baridi inapolegea na watu wanapoanza kufikiria likizo za ufukweni. "Kaka, tumepata karavani, tufunge kufuli gani?" Wiki mbili baadaye anapiga yule yule: "Kufuli limefika, mbona haliingii?" Nimeyajibu maswali haya kwenye simu, harusini, msibani, hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na majibu hayabadiliki. Basi nimeyaandika yote mahali pamoja kwa ajili yako wewe unayeishi Uingereza, una karavani ya kuvutwa na gari, na hujawahi kuifunga kwa kitu zaidi ya ufunguo wa mlango.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya yote. Karavani haina injini wala usukani, na mwizi wake hana haja ya kuingia ndani, kwa hiyo mlango uliofungwa haumhusu. Anarudi kinyumenyume na gari lenye mpira wa chuma wa milimita 50, anashusha kichwa cha karavani (kile kiungo cha chuma cha mbele) juu ya mpira ule, kinabana chenyewe, anaondoka. Akishafika barabarani ni vigumu kumtambua, maana karavani hapa haisajiliwi kama gari. Hubeba namba ya gari linaloivuta. Mwizi anabandika namba yake nyuma, na kila anayempita anamwona baba wa familia anayepeleka watoto likizo. Kwa hiyo lazima azuiwe pale pale ilipoegeshwa, na njia ni mbili tu: kichwa kisishike mpira, au gurudumu lisizunguke. Ninavyoona mimi, unahitaji zote mbili.

Wengi wetu tumekua tukipima kufuli kwa kiganja. Tri-Circle au Solex ya mlango wa duka ukiinyanyua na kuisikia nzito, unalipa. Kwa karavani kipimo hicho kinadanganya. Kufuli zito linaloacha bolti za gurudumu wazi halina faida kuliko mnyororo wa baiskeli.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hati ya bima yako, yote, pamoja na kurasa za masharti zenye maandishi madogo.
- Hati ya CRiS ya karavani. CRiS ni daftari la utambulisho wa karavani lililoanza mwaka 1992. Namba yake ya tarakimu na herufi 17 imechorwa pia kwenye vioo vya madirisha.
- Tochi, futi ya kupimia, daftari na kalamu.
- Simu ya kupigia picha.
- Kipande cha chaki.
- Kabari mbili za kuzuia magurudumu, na jeki inayofaa chasisi yako.
- Glavu na kitambaa kikavu.

Tenga saa moja ya mchana, siku isiyo na mvua. Usifanye kazi hii jioni ya kuamkia safari.

Hatua ya 1: Soma hati ya bima kabla ya kuangalia bei ya kufuli lolote

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na huumia mara mbili: wanaibiwa, halafu hawalipwi. Kampuni za bima za karavani huweka sharti la kufuli. Nyingine zinataka la kichwa tu, nyingine la gurudumu tu, nyingi zinataka yote mawili, na baadhi zinataja hata daraja la ubora. Chukua kalamu uandike majibu ya maswali haya manne:

Wanataka kufuli la aina gani? La daraja gani? Lifungwe wakati gani? Karavani ilale wapi?

Swali la tatu ndilo linalopuuzwa. Masharti mengi husema kufuli liwe limefungwa kila karavani inapoachwa bila mtu, na hiyo ni pamoja na nusu saa uliyoingia dukani kununua maziwa huku karavani ikiwa imeungwa na gari kwenye maegesho. Ukiona sentensi usiyoielewa, waandikie barua pepe uombe jibu la maandishi. Jibu la simu halitakusaidia siku ya madai.

Na swali la nne lijibu kwa ukweli. Ukisema karavani inalala kwenye yadi yenye ulinzi ilhali iko mbele ya nyumba, kufuli bora kuliko yote halitaiokoa fidia yako.

Hatua ya 2: Itambue karavani yako kwa majina na namba

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa. Zunguka na tochi, andika kila kitu, piga picha kila sehemu.

Anza mbele. Kichwa cha kuungia kina jina na namba vilivyogongwa au kubandikwa juu yake. Karavani nyingi za hapa zina kichwa cha AL-KO, na utakuta kitu kama AK 160, AKS 1300, AKS 2004 au AKS 3004. Nyingine zina Winterhoff, kwa mfano WS 3000. Vinafanana kwa mbali, lakini kufuli la kimoja halikai kwenye kingine. Kuna dada mmoja aliuziwa kufuli la AKS 3004 na duka la mtandaoni lililomhakikishia kwamba "linaingia karavani zote". Kichwa chake kilikuwa Winterhoff. Alikaa wiki tatu akisubiri kurudishiwa pesa, karavani iko wazi muda wote huo.

Ukiwa hapo mbele, angalia kama kichwa ni cha kawaida au kina stebilaiza. Chenye stebilaiza mara nyingi kina hendeli mbili, moja ya kuunga na moja ya kubana vibao vya msuguano dhidi ya mpira wa gari ili karavani isiyumbe. Andika, kwa sababu tutarudi kwenye vibao hivyo.

Sasa nenda kwenye gurudumu. Soma ubavu wa tairi, utaona maandishi kama 185/65 R14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Zote zinahitajika unaponunua pingu ya kufunga gurudumu. Je, rimu ni ya chuma au ya aloi? Kama ni ya aloi, hesabu spoki zake na upige picha ukiwa umesimama sawa mbele yake, si kwa pembeni.

Kisha piga magoti, mulika tochi kati ya spoki mpaka nyuma ya rimu. Kwenye karavani nyingi za miaka ya karibuni zenye chasisi ya AL-KO utaona kitu kama bomba fupi nene la chuma lililofungwa upande wa ekseli, lenye tundu la bolti linalokutazama. Hicho ni kipokezi cha kufuli. Kama kipo, una bahati: unaweza kufunga aina bora zaidi ya kufuli la gurudumu. Kama hakipo, usikate tamaa, lakini uchaguzi wako utapungua.

Mwisho, hesabu ekseli. Karavani kubwa ina mbili, na baadhi ya bima hutaka kufuli zaidi ya moja kwa karavani ya namna hiyo.

Kosa la kawaida hapa: kutegemea mwaka wa karavani peke yake. Karavani ya mtumba huenda ilishabadilishwa rimu na mwenye nayo wa kwanza. Amini unachokiona kwa macho.

Hatua ya 3: Tazama mahali inapolala

Simama pale unapoiegesha, ujiulize gari la mwizi lingeingilia wapi. Kama unaweza kuigeuza ili kichwa kitazame ukuta na si barabara, umemwongezea kazi bila kutoa senti. Kama uwanja ni wa zege, fikiria nguzo ya chuma inayofukiwa mbele ya karavani. Zipo zenye mpira wa chuma juu yake, unashusha kichwa cha karavani hapo na kufunga kufuli, na kichwa kinakuwa kimeshikwa na ardhi.

Kama unalipia yadi, uliza ina daraja gani la CaSSOA, chama cha wenye yadi za karavani, ambacho hutoa alama za Gold, Silver na Bronze kulingana na uzio, lango na kamera. Bima nyingine hupunguza malipo kwa yadi zenye alama hizo. Lakini yadi haiondoi haja ya kufuli. Lango hufunguliwa mchana kutwa, na mlinzi hajui sura ya kila mteja.

Hatua ya 4: Chagua kufuli la gurudumu

Weka pesa nyingi hapa. Likikushinda bei la kichwa chukua la wastani, lakini la gurudumu usilibane.

Aina ya kwanza ni pingu ya gurudumu, mfano wa ile wanayofunga magari yaliyoegeshwa vibaya mjini. Inakumbatia tairi mbele na nyuma, na sahani yake inafunika katikati ya rimu. Nzuri yake ni kwamba inaingia karavani nyingi, na unaweza kuihamisha siku ukibadilisha karavani. Ubaya wake ni kwamba za bei nafuu zina tundu la mwizi ndani yake: anatoa upepo wa tairi, tairi linalegea, pingu inavutwa nje nzima nzima. Jirani yangu mtaa wa nyuma iliyomkuta ndiyo hiyo. Asubuhi alikuta pingu iko chini, bado imefungwa, bila hata mkwaruzo.

Kwa hiyo ukinunua pingu, hakikisha mambo matatu. Sahani yake ifunike bolti zote za gurudumu, la sivyo mwizi atalifungua gurudumu zima, atavalisha jingine na kukuachia pingu na tairi lako. Mikono yake iingie nyuma ya rimu na si kushika mpira wa tairi tu, ili kutoa upepo kusimsaidie. Na iwe ya saizi yako kamili. Pingu inayoandikwa inafaa rimu za inchi 13 mpaka 17 mara nyingi inacheza kwenye zote.

Aina ya pili ni kufuli linalopita katikati ya rimu ya aloi na kujifunga kwenye kile kipokezi cha ekseli. Linalojulikana zaidi ni AL-KO Secure. Kuna kipande cha chuma chenye umbo la nafasi kati ya spoki zako, bolti ndefu inayokipitia mpaka kwenye kipokezi, na kufuli la kufunika kichwa cha bolti. Likishafungwa, gurudumu na ekseli ni kitu kimoja. Kutoa upepo hakusaidii, wala hakuna pa kuingiza mtaimbo kwa urahisi. Kama kipokezi kipo, nunua hili. Sina jibu jingine.

Bei yake ni mamia ya pauni, wakati pingu nyepesi unaipata kwa makumi. Najua inauma. Ila linganisha na thamani ya karavani, na na ile ziada utakayolipa bima baada ya madai moja tu.

Onyo kwa wanaochagua aina hii: kila kifurushi kina namba yake na kinalingana na rimu maalumu. Usinunue kwa kukisia, na usinunue cha mtumba kwa sababu muuzaji amesema "nilikuwa na karavani kama yako". Linganisha picha ya rimu na orodha ya mtengenezaji. Ukibadilisha rimu kesho kwa ajili ya urembo, kufuli lako huenda likawa chuma chakavu.

Hatua ya 5: Chagua kufuli la kichwa

Hapa jina na namba uliyoandika kwenye hatua ya 2 ndiyo inayoamua. Kufuli zuri hufanya kazi tatu kwa pamoja. Linajaza au kuziba shimo la chini ambamo mpira wa gari huingia. Linafunika hendeli isiweze kunyanyuliwa. Na linafunika bolti zinazoshika kichwa kwenye chasisi.

Hizo bolti ndizo zinazosahaulika. Kichwa chote kimeshikwa na bolti mbili tu. Kufuli likiziacha wazi, mwizi haligusi kabisa. Anachukua spana, anafungua kichwa chako pamoja na kufuli lako, anafunga kichwa chake. Ukiwa dukani, shika kufuli uulize: bolti ziko wapi likishafungwa? Muuzaji asipokuonyesha, lirudishe rafuni.

Chagua rangi inayopiga kelele, ya njano au nyekundu. Mwizi anayepita na gari usiku alione akiwa mbali. Rangi hiyo pia itakukumbusha wewe mwenyewe kulitoa.

Makufuli mengine hufungika hata karavani ikiwa imeungwa na gari, mengine hapana. Kwa vituo vya njiani la namna ya kwanza ni afueni kubwa, lakini soma maelekezo ya mtengenezaji kama linaruhusiwa kubaki limefungwa wakati wa kuendesha.

Hatua ya 6: Hakiki daraja mwenyewe, usisome boksi tu

Alama ya kutafuta ni Sold Secure. Mpango huu ulianzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za polisi wa Northumbria na Essex, na sasa uko chini ya chama cha mafundi makufuli wa Uingereza. Wanachofanya ni kushambulia kufuli kwa zana za wizi na kupima linastahimili kwa muda gani. Madaraja unayoyakuta ni Bronze, Silver, Gold na Diamond, na Diamond ndilo la juu. Kufuli lolote litakatika likipewa muda na grainda ya kutosha. Unacholipia ni hizo dakika, na kelele ambazo mwizi atalazimika kuzipiga mtaani.

Usiishie kwenye nembo ya boksi. Ingia kwenye orodha yao, andika jina kamili la modeli, na uangalie mambo mawili: kwamba modeli hiyo hiyo ipo, na kwamba imepitishwa kwa matumizi ya karavani. Kampuni moja inaweza kuwa na makufuli kumi yenye majina yanayofanana, moja likiwa Gold na jingine halijapimwa kabisa. Piga picha ya ukurasa huo, uihifadhi pamoja na risiti.

Hatua ya 7: Panga funguo kabla hujafunga

Kufuli likija, utakuta funguo mbili au tatu na kadi yenye namba ya ufunguo. Piga picha ya kadi, kisha iweke nyumbani mahali pa hati muhimu. Ufunguo mmoja ubaki nyumbani na mwingine utembee na wewe, au na mama watoto kama yeye ndiye anayesimamia safari. Usiache wa akiba ndani ya karavani, wala juu ya tairi, wala chini ya jiwe. Na ukiona namba ya ufunguo imegongwa kwenye uso wa kufuli lenyewe, ifunike au ifute ukishaiandika, maana mwenye namba anaweza kuagiza ufunguo.

Hatua ya 8: Funga mara ya kwanza mchana, bila haraka

La kichwa halina taabu. Futa kichwa, ingiza, funga, vuta kwa nguvu kila upande. Likicheza sana, umenunua saizi ya jirani.

Kazi iko kwenye lile la gurudumu linalopita kwenye spoki, kwa sababu nafasi kati ya spoki lazima ikae sawasawa na kipokezi. Fanya hivi:

1. Karavani ikiwa imeungwa na gari, mwache mwenzako aisogeze taratibu huku wewe ukiangalia kwa pembeni, mbali na njia ya gurudumu. Nafasi ikilingana na kipokezi, msimamishe.
2. Vuta breki ya mkono ya karavani na uweke kabari kwenye magurudumu.
3. Chora mstari wa chaki juu kabisa ya tairi, na mwingine kwenye ubavu wa karavani juu yake. Safari nyingine utalinganisha mistari tu, hutapiga magoti kwenye matope.
4. Ingiza kipande cha umbo, kisha bolti. Izungushe kwa mkono kwanza. Ikigoma, usilazimishe kwa spana. Toa, sogeza karavani kidogo, rudia. Ukiharibu nyuzi za kipokezi umejiharibia kufuli lote.
5. Kaza kwa zana iliyokuja nayo, funika kwa kufuli, toa ufunguo.

Kama huwezi kuisogeza kwa gari, itakubidi unyanyue upande mmoja kwa jeki na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kwa kuwa breki ya mkono itabidi iachiliwe, gurudumu la upande wa pili liwe na kabari mbele na nyuma, na karavani iwe imeungwa na gari lililofungwa breki. Jeki ikae mahali palipoelekezwa na mtengenezaji wa chasisi. Ile miguu minne ya kwenye pembe ni ya kutuliza karavani isitikisike. Usiitumie kunyanyulia, itapinda na sakafu itapasuka. Wala usiingize mwili chini ya karavani iliyo juu ya jeki.

Ukimaliza, piga picha makufuli yote mawili yakiwa yamefungwa, namba ya CRiS ikionekana kwenye dirisha. Rudia picha hiyo kila msimu.

Hatua ya 9: Ziada, kama mfuko unaruhusu

King'ora kinasaidia ukiwa karibu. Kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti kinasaidia ukiwa mbali, na bima zinazokitaka hutaka kilichothibitishwa na Thatcham, kituo cha Uingereza cha kupima usalama wa magari. Bandika namba ya utambulisho juu ya paa kwa herufi kubwa, ili ionekane kutoka kwenye helikopta ya polisi. Hiki cha mwisho ni cha bei ndogo kuliko vyote, na wachache mno hukifanya.

Matatizo yanayojitokeza, na la kufanya

*Ufunguo hauzunguki.* Mara nyingi ni uchafu au ukavu. Tia unga wa grafiti kwenye tundu, ingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa. Kwa kufuli la gurudumu, jaribu kumpa mwenzako asogeze karavani upana wa kidole tu mbele na nyuma. Huenda uzito umelalia bolti.

*Kufuli limeganda kwa barafu.* Pulizia dawa ya kuyeyusha barafu ya kufuli za magari. Usimwagie maji ya moto, yataganda tena ndani na hali itakuwa mbaya zaidi. Kuzuia ni rahisi: kama kufuli lina kifuniko cha tundu, kifunge kila mara kuanzia mwezi wa kumi.

*Nimepulizia mafuta kwenye kufuli la kichwa, sasa stebilaiza inalia na karavani inayumba.* Hili nililiahidi juu. Vile vibao vya msuguano havitaki mafuta wala grisi hata tone, na mpira wa gari lako pia lazima uwe mkavu na msafi. Mafuta yakivifikia, breki ile ya kuyumba inapungua nguvu. Safisha mpira kabisa, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu vibao, na kama vimelowa vibadilishwe kabla ya safari. Siku zote ukilainisha kufuli la kichwa, litoe kwanza, lilainishe pembeni, lifute, ndipo ulirudishe. Tulilelewa kupaka grisi kila chuma kinachogusana na chuma, na ndiyo maana kosa hili linatupata sana.

*Breki zimegandamana baada ya baridi yote.* Karavani ikilala miezi mingi na breki ya mkono imevutwa, viatu vya breki hushikana na ngoma. Ukiwa na kufuli la gurudumu na kabari nzuri kwenye uwanja tambarare, iachilie breki ya mkono kwa kipindi hicho.

*Nilisahau kufuli, nikaondoa gari.* Simama hapo hapo. Usirudi nyuma kwa nguvu kujaribu kulifungua. Toa kufuli, kagua rimu, tairi, na sehemu ya breki nyuma ya gurudumu kwa tochi. Ukiona chochote kimepinda, karavani isivutwe mpaka fundi aione. Ili lisitokee tena, kila unapofunga kufuli la gurudumu funga utepe mwekundu kwenye usukani wa gari.

*Funguo zote zimepotea.* Kwa namba ya kadi utaagiza mwingine kwa mtengenezaji. Bila kadi itabidi fundi akate kufuli, na atakuomba uthibitishe kwamba karavani ni yako. Hati ya CRiS itakusaidia hapo.

*Nimekuta haipo.* Ukiwaona bado wanaivuta, piga 999 na usiwakabili. Ukikuta nafasi tupu, piga 101, wape namba ya CRiS na picha zako, na uombe namba ya kumbukumbu ya jinai, maana bima hawafungui faili bila hiyo. Kisha wajulishe CRiS ili karavani ioneshwe kuwa ya wizi pindi mtu akijaribu kuinunua, na wapigie bima siku hiyo hiyo ukiwa na risiti za makufuli, picha za msimu, na funguo zote mkononi. Watazitaka funguo zote. Ndiyo maana nilikuambia kwenye hatua ya 7 uzipange mapema.